Miaka Sita ya Kuwashuku Watu wa Vitabuni

Nimeacha kazi mwezi uliopita, nikiwa na umri wa miaka ishirini na sita. Watu wa kwetu Kimwani wakisikia nasema nimestaafu hucheka, kwa sababu kwao mtu aliyestaafu ni mzee mwenye mkongojo na saa ya zawadi. Mkongojo sina, na saa sikupewa. Lakini baba amenikabidhi kibanja, migomba yake na mibuni yake, na kibanja hakilimwi kwa barua kutoka Bukoba. Kwa hiyo kazi ya kusoma miswada ya upelelezi nimewaachia ninyi wawili mnaokaa sasa kwenye meza ile ya dirishani. Siku ya kuagana mliniomba niwaeleze kazi kwa mdomo. Nilishindwa, kwa sababu ninyi mlikuwa wawili na mimi nilikuwa mmoja. Nimeona niandike. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na naandika polepole. Karatasi hii ya kwanza imenichukua tangu asubuhi.

Nilipofika mara ya kwanza kwenye kiwanda cha chapa cha Bwana Ramji, picha ya ukutani ilikuwa bado ya mfalme. Nilikuja kuomba kazi ya kubeba marobota ya karatasi kutoka gatini. Bwana Ramji, mtu mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso, alinipa ukurasa mmoja akasema, "Soma."

Nikasoma kama nilivyofundishwa, kidole chini ya kila neno. Kijana mwingine aliyekuja kuomba kazi siku ile alikuwa ameusoma ukurasa uleule kwa pumzi moja. Mimi nilipomaliza, chai ya Bwana Ramji ilikuwa imepoa.

"Nani kaiba?" akauliza.

"Mpishi," nikasema, nikitazama miguu yangu.

"Umejuaje? Huu ni ukurasa wa kwanza."

"Ameulizwa habari za nyumbani kwake, akajibu habari za kabati."

Akamgeukia mwenzangu. "Wewe umeliona kabati?" Mwenzangu akasema hakuona kabati lolote. Basi yeye akapewa marobota na mimi nikapewa kiti. "Wateja wangu wanasoma kama wewe," Bwana Ramji aliniambia. "Mtu ananunua kitabu kimoja msimu mzima. Anakisoma neno kwa neno, halafu anamsomea jirani. Msomaji wa haraka atanipitishia takataka." Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa kwa ajili ya kusoma polepole, na nimeishi nayo miaka sita.

Ninyi mmekuta rafu imetulia kidogo. Wakati ule kila mtu aliyejua kushika kalamu alikuwa na mpelelezi wake, na kila mpelelezi alikuwa na vitabu vyake vyenye namba, cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka mwandishi achoke au msomaji achoke kabla yake. Kulikuwa na Inspekta Chuma, aliyepiga risasi katika kila sura, ingawa wengi wetu bunduki tuliyoisikia ni ile ya kufukuza kiboko. Kulikuwa na Bwana Darubini, aliyefuata nyayo za tangu juzi kwenye matope, kana kwamba mwandishi hajawahi kulala Bukoba mvua ikinyesha. Kulikuwa na Daktari Kivuli, aliyekufa katika kitabu cha pili na kuonekana katika cha tatu akila ndizi. Nilimwandikia mwandishi kumuuliza. Akajibu kwamba aliyekufa alikuwa pacha wake. Nikauliza mbona pacha hakutajwa popote. Akajibu kwamba hata yeye hakujua habari za pacha huyo mpaka nilipouliza.

Aliyenifundisha kupima vitabu hivi alikuwa mpanga herufi wetu, Ta Kahigi, yaani Mzee Kahigi kwa lugha ya kwetu. Ninyi mmemkuta amekwisha kurudi kwao, lakini chaki iliyo kwenye droo ya kushoto ni yake. Aliniona wiki ya kwanza nikiwa nimeshika kichwa kwa mikono miwili.

"Una nini, kijana?"

"Watu ni wengi, Ta Kahigi. Nimesahau nilimshuku nani."

Akaenda nje, akarudi na konzi ya kahawa kavu. Akachora duara kwa chaki mezani, moja kwa kila mtu wa kwenye hadithi, na katika kila duara akaandika jina. "Ukimshuku mtu, mtilie punje," akasema. "Ukiacha kumshuku, iondoe. Usiandike kwa nini. Tia tu."

Ndiyo njia niliyoitumia mpaka siku ya mwisho, nanyi msiione ya kitoto. Kitabu kizuri huhamisha punje. Leo ziko kwa mjane, kesho kwa dereva, keshokutwa unazirudisha kwa mjane kwa aibu. Kitabu kibaya hurundika punje zote kwa mtu mmoja mapema, na pale zinabaki mpaka mwisho. Kitabu kibaya kuliko hicho ni kile ambacho muuaji anakamatwa na duara lake ni tupu, kwa sababu tumemjua ukurasa uleule anaotiwa pingu. "Mwandishi ana ruhusa ya kukudanganya," Ta Kahigi alikuwa akisema. "Hana ruhusa ya kukuficha." Kanuni yake ya pili ilikuwa ngumu zaidi: msomaji haruhusiwi kumpa mwandishi hadithi. Mwambie punje zimekwama wapi, basi, unyamaze. Ukimtengenezea mwizi, kesho atakuja kukuomba na mwingine. Kwa mtu mwenye haya kama mimi, kunyamaza hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa lile neno la kwanza, la kumwambia punje zimekwama.

Sasa nifike kwa Mwalimu Buberwa.

Mwalimu Buberwa wa Kishanda ndiye aliyenifundisha kusoma. Darasani wenzangu walikuwa wakicheka nikisimama na kitabu, na yeye alikuja kukaa kando yangu kwenye benchi, akaweka kidole chake kikubwa chini ya neno, na hakukiondoa mpaka nilipolisema. Alifanya hivyo mwaka mzima. Alipoacha kufundisha alianza kuandika vitabu vya Mkaguzi Kyaruzi, mkaguzi wa kahawa anayetembea kibanja hadi kibanja kutazama ubora wa buni, na kwa kuwa hakuna anayemfungia mlango mkaguzi wa kahawa, anaona yote. Kwangu huyo ndiye mpelelezi bora kuliko wote waliopita mezani pale. Haruki kuta. Anapewa kigoda, anauliza habari za mavuno, anasikiliza. Vitabu viwili vya kwanza vilikwisha rafuni kabla ya kahawa kwisha vibanjani.

Cha tatu kilikuwa kibaya. Punje zote zilikuwa kwa mtu mmoja kufikia sura ya nne. Nilikaa nikizitazama mchana mzima, nikaona kile kidole chini ya neno, nikazifagia punje zote mkononi na kuandika juu ya mswada: "Kichapwe."

Kikachapwa. Kikarudi kutoka maduka ya Muleba na Bukoba kikiwa bado kimefungwa kamba. Bwana Ramji hakunigombeza. Aliondoa kiti changu, akaweka marobota ya vile vitabu mahali pake, akasema, "Kaa." Nilikalia kosa langu tangu msimu ule hadi mwingine. Si kikao kizuri, kona zake ni ngumu.

Mwaka uliofuata meli ilichelewa kuleta karatasi. Tulibaki na karatasi ya kitabu kimoja tu kabla ya msimu, na miswada miwili ilikuwa tayari. Mmoja ulikuwa Inspekta Chuma wa sita, ulioandikwa na karani mmoja wa mtaa wa Bakoba, jirani yangu pale nilipopanga, ambaye kila asubuhi alinigongea ukuta akauliza, "Kijana, Chuma wangu hajambo?" Mwingine ulikuwa Mkaguzi Kyaruzi wa nne. Bwana Ramji aliniwekea yote miwili mbele yangu.

"Mmoja," akasema. "Na ujue, mpelelezi akikosa msimu, watu wanamsahau. Cha tatu kilirudi. Cha nne kisipotoka, Kyaruzi amekwisha."

Chuma alikuwa vilevile, risasi sura kwa sura, lakini punje zilihama. Nikamfungua Kyaruzi. Mzee mmoja tajiri anakwenda kumtembelea mdogo wake, Lwiza. Wanakaa, wanazungumza habari za mpaka wa kibanja. Lwiza analeta rubisi, pombe ya ndizi. Na hapo katikati ya sura ya pili kukawa na sentensi moja: "Akampa kaka yake kibuyu, na kaka yake akanywa." Kesho yake mzee amekufa.

Niliisoma mara nne. Kwetu, mwenye nyumba akileta pombe, anaionja yeye kwanza mbele ya mgeni, halafu ndipo anampa. Hata maadui huonja. Nilichukua punje zote nilizokuwa nazo, nikazimimina kwa Lwiza, na nyingine zikaanguka chini.

Nikaanza kumwandikia Mwalimu barua. Siku tatu. Bwana Ramji aliichukua kabla sijaitia kwenye bahasha, akaisoma, akashusha miwani ya pajini akaisoma tena.

"Umemuuliza hali ya mke wake. Umemuuliza migomba. Hapa umesema mswada wake 'umetufikia salama.' Umekubali au umekataa?"

Nikanyoosha mkono anirudishie barua.

"Lori la magunia linakwenda Muleba leo. Linarudi kesho mchana. Nenda. Urudi na jibu, au namchapa Chuma."

Kutoka Muleba nilitembea kwa miguu mpaka Kishanda, mswada ukiwa kifuani ndani ya shati kwa sababu ya mvua. Njia nzima nilijisemesha maneno ya kumwambia. Nilipoiona nyumba yalikuwa yamekwisha yote.

Mwalimu alikuwa amezeeka, lakini kidole kilikuwa kilekile. Alinipokea kwa mikono miwili. Mkewe, Ma Koku, alikuwa amekaa kwenye nyasi mpya sakafuni akimenya ndizi, na jirani yao, Ta Mutalemwa, alikuwa ameegemea mlango, amekuja kuazima panga na hajaondoka.

"Waitu, umekonda!" Ma Koku akasema. "Bukoba hawapiki?"

"Wanapika, Ma Koku."

"Wanapika nini? Karatasi?"

Mwalimu akaleta kahawa ya kutafuna katika kikasha cha majani. Akachukua punje moja, akaitia mdomoni, akatafuna, ndipo akanisogezea. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyokanyaga kizingiti cha nyumba yake. Nilimtazama nikashangaa. Mtu huyu huyu ndiye aliyeandika ile sentensi.

"Haya," akasema, "umetumwa. Kyaruzi anasemaje?"

Hapo ndipo nilipodanganya, na ni uongo pekee niliowahi kusema kazini kwa mdomo. Ule mwingine niliuandika. Nikamwambia siku hizi kiwanda kinataka mswada usomwe kwa sauti mbele ya watu kabla ya kuamua. Macho yake yakang'aa. "Vizuri kabisa! Soma. Mutalemwa, kaa chini, panga halikimbii."

Nikasoma, kidole chini ya neno. Sura ya kwanza ilikwenda vizuri, Ta Mutalemwa akacheka penye kucheka. Sura ya pili, wale ndugu wakazungumza mpaka wa kibanja, rubisi ikaletwa. "Akampa kaka yake kibuyu," nikasoma, "na kaka yake akanywa."

Kisu cha Ma Koku kikasimama.

"Hakuonja," akasema.

"Nani?" Mwalimu akauliza.

"Huyo mdogo mtu. Amempa mwenzake kibuyu na hakuonja. Kamuua."

"Hajafa bado!" Mwalimu akasema.

"Atakufa," akasema Ta Mutalemwa. "Mfungeni huyo Lwiza, twende tukanywe ya kwetu."

"Ngojeni kwanza! Hiyo ni dalili ndogo, nimeificha. Mkaguzi anaikumbuka kwenye sura ya kumi na mbili."

"Ya kumi na mbili?" Ma Koku akaweka kisu chini. "Mume wangu, huyo mkaguzi wako ni Mhaya au kashuka kwenye meli?"

Ta Mutalemwa alicheka mpaka akashika mlango. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Mwalimu. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanzu muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Na wewe ulijua," akaniambia.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tangu mara ya kwanza kuisoma?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kitabu cha tatu?"

Nikatamani mvua irudi. "Sura ya nne, Mwalimu."

"Mimi nilijua sura ya tatu," akasema. "Nilikituma nikijua kina kasoro, nikasema, yule kijana ataniambia. Nikangoja barua. Badala yake kikaja kitabu kimechapwa." Akavaa miwani. "Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, kumbe sikumfundisha kusoma. Mwaka mzima wa kidole, na mtoto haoni."

"Niliona, Mwalimu. Niliogopa."

"Basi nimefurahi." Akavuta pumzi ndefu, na nikaona kweli amefurahi. "Bora mwoga kuliko kipofu. Woga tunautoa. Wewe leo umeutoa kwa kutumia mdomo wa mke wangu, lakini umetoka."

Sijui namna ya kuwaeleza jinsi kifua changu kilivyokuwa chepesi. Nilikuwa nimebeba kitu hicho msimu mzima, na kilikuwa kimekwisha kwa maneno machache, ndizi bado hazijaisha kumenywa.

Lakini Kyaruzi alikuwa bado hajapona. Mwalimu akasema, "Nikimwacha Lwiza aonje, atakufa na yeye. Asipoonja, nyumba nzima inapiga kelele." Akanitazama. Nikakumbuka kanuni ya Ta Kahigi, nikatazama miguu yangu.

Ma Koku aliyekuwa amerudia ndizi zake akasema bila kuinua kichwa, "Mwache aonje. Aonje kama mtu mwenye adabu. Baba yangu alipokwenda kunywa kwa mdogo wake, mrija wake ulikuwa unamngoja ukutani kule. Hakuna mwingine aliyeutia mdomoni."

Mwalimu akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akaenda kuleta kalamu.

Aliandika mpaka giza lilipoingia, na alfajiri aliamka akaendelea. Asubuhi nilichora duara kwa mkaa kwenye ubao wa kukatia nyama, nikaomba konzi ya kahawa kutoka kwenye jamvi lao, tukasoma upya. Sasa Lwiza alikunywa kwanza, funda kubwa, akafuta mdomo, akamkabidhi kaka yake kibuyu. Kaka yake akachukua mrija wake ukutani. Ta Mutalemwa, ambaye hakuwepo mrija ulipozungumzwa kwa sababu alikwisha kwenda na panga aliloazima, aliitwa ahukumu. Alimtilia punje mganga. Akaziondoa akampa mke mdogo. Akazirudisha kwa mganga, akaapa. Lwiza akabaki na punje moja, na hata hiyo Ta Mutalemwa aliichukua, akasema mtu aliyeonja asisumbuliwe.

Ilipofika sura ya kumi na mbili, sumu ilipoonekana ndani ya mrija, alikasirika kweli. "Mwalimu, umenionea!"

"Mrija ulikuwepo sura ya pili," Mwalimu akasema kwa upole. "Msomee tena."

Nikamsomea. Akasikiliza, akasema, "Huyo Lwiza ni mtu mbaya sana," na Mwalimu akapiga makofi kama mtu aliyeshinda kesi barazani.

Nilikimbia na kulikuta lori linawaka tayari. Bwana Ramji aliusoma mswada mwenyewe, jambo asilozoea, akafunika sura ya mwisho kwa rula. "Mganga," akasema. Akaondoa rula. Akaisoma mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Chapa." Yule karani wa Bakoba hakunigongea ukuta wiki mbili. Wiki ya tatu aligonga. "Kijana, nimemsoma Kyaruzi wako. Nilijua ni mganga." Nikamwambia Chuma atatoka karatasi ikija, na alitoka, risasi zake zote zikiwa salama.

Waliosoma cha nne walirudi dukani kuulizia cha tatu, wakitaka namba zao zitimie. Marobota niliyokalia yakaanza kupungua chini yangu, siku hadi siku, mpaka nikawa nimekaa chini kuliko meza. Asubuhi moja nilikuta kiti changu kimerudishwa.

Kwa hiyo shauri langu kwenu ni fupi kuliko karatasi hizi. Msisome haraka. Msimtengenezee mtu mwizi wake. Na punje zikikwama, semeni zimekwama, hata kama mwandishi ndiye aliyewafundisha a e i o u. Kama mdomo haufunguki, nendeni mkamsomee mbele ya mkewe.

Mimi sasa kahawa naiona ni kahawa tu. Juzi mmenitumia Kyaruzi wa tano, mliyempitisha wenyewe. Sikuchora duara. Nilimsoma nikiwa nimekaa kando ya jamvi, buni ya baba yangu imeanikwa mbele yangu, na tangu ukurasa wa tatu nikamshuku mjane wa watu mpaka sura ya mwisho. Hakuwa yeye. Nilimwomba radhi kimoyomoyo, nikatia punje moja mdomoni, nikainuka kugeuza kahawa.